Mandazi Ambayo Mama Hakula

Mama yangu hakula mandazi. Naanza na hilo kabla ya lingine lolote, kwa sababu kwa miezi kadhaa niliwaambia watu kwamba alikula. Niliwaambia kwa sauti ya mtu aliyesoma, nao wakaniamini.

Kazi yangu ni kutenganisha vitu. Maabara yetu iko ghorofa ya tano katikati ya jiji, juu ya benki na duka la viatu, na kelele za wachuuzi wa barabarani hutufikia zikiwa zimepungua makali. Nikiulizwa nafanya nini, hujibu kwamba napima dawa, na watu huridhika. Wasichojua ni kwamba dawa ikishakaa chupani huacha kuwa kitu kimoja. Ikipata joto, ikiganda, ikizeeka, sehemu yake hugeuka kuwa kitu kingine kinachofanana nayo. Dawa za peptidi, zile zilizoundwa kwa minyororo ya asidi amino, ndizo zenye deko kuliko zote, na insulini imo humo. Sisi hutenga ile iliyo nzima na ile iliyoharibika, kisha tunaandika imebaki kiasi gani.

Wakati wa mambo haya tulikuwa tumepewa kazi ya kulinganisha njia tatu za kutenga. Njia ya kwanza husukuma dawa ndani ya bomba fupi la chuma lililoshindiliwa unga mweupe, ambalo sisi huliita kolamu. Molekuli zinazochukia maji hung'ang'ania ule unga, na zinazopenda maji hutangulia kutoka. Njia ya pili pia hutumia kolamu, ila hutenga kwa ukubwa. Vipande vikubwa hupita moja kwa moja, na vidogo huchelewa kwa kuingia kila kitundu, kama mtu anayetumwa dukani akasimama kila kibanda kusalimia. Njia ya tatu hutumia umeme ndani ya kijibomba chembamba kuliko unywele. Kila njia ina majivuno yake na kila moja ina jambo isiloliona.

Mimi nilikuwa mtu wa njia ya kwanza. Nilikuwa nimeitumia miaka mingi, na nilikuwa nikiitetea kwenye mikutano kama mtu anayetetea timu ya mtaani kwao. Ilikuwa na kanuni moja ndogo: kabla ya kuipima insulini, unaitia tone la asidi. Asidi huiyeyusha ikawa maji maangavu, na kwenye karatasi mchoro hutoka safi, kilele kimoja kimesimama wima. Nilikuwa nikitia tone hilo bila kufikiri, kama unavyotia chumvi kwenye sukuma wiki.

Mama anaishi mtaa wa Riruta, katika ploti ya nyumba za kupanga aliyohamia baba angali hai. Ana ugonjwa wa sukari, na wakati huo alikuwa akijidunga sindano mara tatu kwa siku, kabla ya kula. Kichupa chake cha insulini alikuwa akikiweka ndani ya chungu kidogo cha udongo, kikiwa kimewekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa maji, pembeni mwa dirisha la jikoni. Muuguzi mmoja ndiye aliyemfundisha hivyo, akafuata miaka na miaka, na sukari yake ilikuwa inatulia.

Mimi niliona haya. Mtoto anapima dawa kwa mashine za mamilioni, halafu mama yake anaweka dawa kwenye chungu! Kulikuwa na familia moja Kitisuru, mtaa wa wenye pesa, iliyokuwa inahama nchi na kuuza vyombo vyake, nikanunua friji yao. Nikaileta ploti kwa pikapu, majirani wakatoka kuitazama. Nikakizungusha kitufe cha baridi hadi mwisho kabisa. Kisha nikachukua kichupa kutoka kwenye chungu na kukisukuma nyuma kabisa, kikagusa ukuta wa friji.

"Hapa ndipo kuna baridi ya maana," nikamwambia. "Usikitoe hapa isipokuwa wakati wa sindano."

"Si itashika barafu?" akauliza.

"Mum, hii ndiyo kazi yangu."

Hiyo sentensi niliitumia sana mwaka ule.

Kwenye kila karatasi ya insulini imeandikwa kwamba isigande. Naijua karatasi hiyo kwa moyo. Lakini kujua jambo ofisini ni kitu kimoja, na kulikumbuka jikoni kwa mama yako, ukiwa umechoka na unataka kusifiwa kwa friji, ni kitu kingine.

Baada ya wiki kadhaa sukari yake ilianza kupanda. Alikuwa akinisomea nambari za kile kipimo chake kwenye simu, na kila siku zilikuwa kubwa kuliko jana. Alikuwa akiamka usiku kukojoa na mchana kulala kwenye kiti. Jumamosi moja nilipomtembelea, aliishika ile chupa juu, akaielekeza dirishani.

"Mami, hii dawa imelala," Mama akasema. Ndivyo anavyoniita tangu utotoni.

"Dawa hailali."

"Hii imelala. Ona hapa chini. Imeshika madonge, kama uji mtu amekoroga vibaya."

Mama amepika uji maisha yake yote, na hakuna mtu Riruta anayeweza kumdanganya kuhusu donge. Nami niliitazama ile chupa kwa muda mfupi sana, nusu nikiwa natazama simu yangu. Niliona maji tu. Labda niliona kijiwingu, sikumbuki, na hata kutokumbuka huko kunaniuma. Nikamwambia nitaipeleka kazini nikaipime, ndio tumalize hayo maneno.

Nilivuta kiasi kidogo kwa sindano, nikakiweka kwenye kichupa cha maabara, nikakipa namba kumi na saba. Sikuwa na ruhusa. Nilikichomeka katikati ya sampuli halali za ule utafiti wetu wa kulinganisha, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Jumatatu nikaipima kwa njia yangu niipendayo. Nikatia tone la asidi, mkono ukijiendea wenyewe. Ukatoka mchoro mzuri ajabu, kilele kimoja, wima, na kiasi cha dawa kamili kama kilivyoandikwa kwenye lebo.

Kama dawa ni nzima na sukari inapanda, basi kosa liko mdomoni mwa mgonjwa. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu, na ndani yangu kulikuwa na raha fulani mbaya, ile ya kumkamata mtu. Kila Alhamisi kina mama wa kanisani kwao hukutana, na baada ya maombi kuna chai ya maziwa na sinia la mandazi. Nilikuwa nimewahi kuliona sinia hilo. Nikapata jibu langu.

Nilimpeleka kliniki mwenyewe. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alimuuliza, "Mama, unakula nini siku hizi?" Mama alikuwa ameketi na mkoba wake mapajani, mikono yote miwili juu yake. Alifungua mdomo. Mimi nikajibu.

"Daktari, dawa iko sawa, nimeipima mwenyewe kwa maabara. Shida ni mandazi ya kanisa."

Daktari akacheka kidogo, akaniuliza nafanya kazi wapi, nikamwambia. Akaandika kwenye faili. Kisha akamgeukia Mama na kumshauri kuhusu vyakula vya ngano na mafuta, kwa heshima zote, na akamwongezea kipimo cha sindano. Mwezi uliofuata, chupa nyingine ikiwa imeshakaa pale pale ukutani mwa friji, akakiongeza tena. Mama alisema "asante daktari" mara zote mbili. Njiani kurudi nyumbani aliukumbatia mkoba wake, akitazama nje, nami nikadhani ni aibu ya mtu aliyepatikana.

Akaacha kwenda Alhamisi. Hilo sikulijua mapema, niliambiwa na jirani yake wa mlango wa tatu, mama mmoja kutoka magharibi anayeshona sare za shule. Nilipomuuliza, Mama alisema, "Nikikaa na wao na sinywi chai, wananiuliza kwa nini. Nitawajibu nini?" Alikuwa anakula sukuma na kipande cha ugali kisichoshibisha mtoto. Shingo ya gauni yake ya kanisa ilikuwa imekuwa kubwa. Nikamsifu kwa nidhamu yake. Kweli nilimsifu, nikamletea na maparachichi.

Maabara nayo ilikuwa inaendelea. Njia ya pili, ile ya ukubwa, ilikuwa mikononi mwa mwenzangu, mwanamke wa rika langu mwenye kicheko kikubwa na subira kubwa zaidi. Kwa utani alikuwa akiniita daktari kwa sababu nilikuwa nikisomea shahada ya uzamifu na sikuwa nikiimaliza. Upande wake hawakutia asidi. Waliipima dawa katika maji ya chumvi laini, jinsi ilivyo, na kabla ya kuiingiza kwenye kolamu waliipitisha kwenye kichujio kidogo cha duara, ukubwa wa shilingi. Alhamisi moja, nakumbuka siku kwa sababu niliwaza kwamba leo Mama hayuko kwenye chai, alikuja mezani kwangu na kichujio kwenye kibano.

"Daktari, hii namba kumi na saba ni ya wapi? Imekataa kupita. Nimesukuma mpaka kidole kimeuma."

"Ni uchafu tu. Weka tone la asidi, itapita."

"Si tulikubaliana side yangu hakuna asidi? Sasa tutalinganisha nini na nini?"

"Basi itupe. Nitakuletea ingine."

Alinitazama. "Sawa, mwenye mamlaka," akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Lakini nilikuwa nimekiona kile kichujio. Juu yake kulikuwa na tabaka jeupe la chembechembe, laini, zilizoshikana. Madonge. Sitajificha nyuma ya neno "huenda". Nilijua pale pale. Insulini iliyoganda na kuyeyuka hushikana, na ikishashikana haifanyi kazi mwilini. Ukiitia asidi, madonge yale huachana, yakayeyuka, na mashine ikayahesabu kama dawa nzima. Tone langu lilikuwa likiirudisha dawa katika hali ambayo damu ya mama yangu haikuwa na uwezo wa kuirudisha. Nilikuwa nimeyakoroga madonge yakapotea, kisha nikamwambia mwenye uji kwamba anaona vibaya.

Ningeweza kupiga simu. Ilikuwa saa nne asubuhi, simu ilikuwa mezani. Sikupiga. Nilikuwa nimesema mbele ya daktari. Nilikuwa nimeingiza sampuli ya mama yangu katika utafiti wa watu kwa wizi. Na zaidi ya yote, nilikuwa na kiburi, na kiburi kina hoja nyingi. Nikajiambia chupa aliyonayo imekaribia kuisha, siku mbili tatu tu, kliniki itampa chupa mpya, na chupa mpya itamaliza maneno.

Chupa mpya ndiyo iliyomwangusha. Alipewa Jumatatu. Jumanne asubuhi alijidunga kile kipimo kilichoongezwa mara mbili, kipimo kilichopandishwa kwa ajili ya dawa iliyokufa, na safari hii dawa ilikuwa hai. Tumboni hakuwa na kitu, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kuogopa chakula. Sukari ilishuka hadi chini. Alianguka kati ya jiko na mlango, mguu ukabaki chini yake. Mshonaji wa mlango wa tatu alisikia sufuria ikigonga sakafu, akaingia, akamtia asali mdomoni kwa kidole, akaita watu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Nilipofika hospitali alikuwa ameshafungwa plasta. Yule daktari wa kliniki alikuwa amepita kumwona, na alikuwa amesimama kando ya kitanda, uso umemshuka, anauliza imekuwaje sukari ishuke namna ile. Nilikuwa na jibu lote kinywani. Mama alinitazama mimi kwanza, kisha akamtazama yeye.

"Daktari, ni mimi," akasema. "Nilikuwa nakula mandazi, kama huyu alivyosema. Halafu juzi nikaacha ghafla. Ndio imeniangusha."

Daktari akaandika. Nami nilisimama pale, nikamwacha aandike.

Jioni nilienda ploti kumchukulia nguo. Nilifungua friji kutafuta chupa mpya. Haikuwapo. Kwenye ukuta wa nyuma, pale nilipoisukuma ile ya kwanza, kulikuwa na ganda la barafu nene kama kiganja. Chupa mpya niliikuta kwenye chungu, pembeni mwa dirisha, mchanga umelowa vizuri. Alikuwa amerudi kwenye chungu chake bila kuniambia, asinikosee heshima. Nililia nikiwa nimeshika kifuniko cha chungu.

Kesho yake nilimweleza msimamizi wangu kila kitu kuhusu namba kumi na saba. Alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini mwenzangu hakuwa amekitupa kile kichujio. Alikuwa amekihifadhi kwenye kisahani chenye kifuniko na kuandika namba juu yake. Tukagandisha chupa nyingine tulizonunua, kwa kanuni na kwa ruhusa, tukazipima upya kwa njia zote tatu, na jibu likawa lile lile. Njia yangu iliziita nzima. Ile ya umeme iliona kidogo tu. Njia ya ukubwa, isiyo na asidi, iliziona zote. Hiyo ikawa kiini cha ripoti. Nilipoiwasilisha, ndani ya chumba cha mikutano chenye chai na biskuti, watu walipiga makofi. Nilipigiwa makofi kwa mguu wa mama yangu, na nikasema asante.

Jumamosi hiyo nilienda Riruta. Mama alikuwa ameketi nje ya mlango wake, mguu kwenye kigoda, sinia la maharagwe mapajani, anachagua. Mabovu huku, mawe kule, mazuri kwenye sufuria. Nikakaa kwenye ngazi. Nikamweleza barafu, asidi, madonge, kichujio, yote, kwa Kiswahili cha kawaida bila neno moja la kazini. Vidole vyake havikusimama.

"Mandazi sikukula," akasema.

"Najua, Mum."

"Ulijua lini?"

Niliokota jiwe moja kwenye sinia lake.

"Kabla hujaanguka," nikasema. "Siku tano kabla."

Hapo vidole vikasimama. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba kule hospitali alikuwa amemdanganya daktari kwa sababu mtoto akishasema jambo mbele ya watu, mama hawezi kumfanya mwongo. "Lakini mimi ni mtu wa kanisa," akasema. "Ungeniambia, nisingedanganya. Hiyo ndiyo imeniuma kuliko huu mguu." Akaendelea kuchagua maharagwe. Baadaye kidogo akasema, "Ulisema mbele yake. Utaenda useme mbele yake."

Tulienda siku yake ya kliniki, yeye na mkongojo, mimi nikibeba mkoba hadi mlangoni, akaudai, nikampa. Yule daktari kijana hakuwapo. Alikuwa amehamishwa, hakuna aliyejua vizuri ni wapi. Mahali pake alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, asiyetujua. Alifungua faili na kusoma kimya, akifuata mistari kwa kalamu.

"Mama, naona hapa ulikuwa na shida ya mandazi," akasema. "Tumeacha?"

Mama aliketi wima. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya mkoba. Alinigeukia, akangoja.

"Hakula," nikasema. "Hakuwahi kula. Dawa iliganda kwa friji, mimi ndiye niliyeigandisha, na mimi ndiye niliyesema ni mandazi. Aliniambia kwamba ina madonge. Naomba uandike hivyo."

Daktari alivua miwani. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akaishika kalamu juu ya ukurasa.

"Na wewe ni nani wake?" akauliza.

"Ni mtoto wangu," Mama akajibu, kabla sijafungua mdomo. "Anafanya kazi ya kupima dawa."